Vipimamwendo vya kuvaliwa katika utafiti wa afya ya watoto

Vipimamwendo vya kuvaliwa ni vyombo vidogo vya kielektroniki ambavyo mtoto hufungwa kiunoni, mkononi au pajani kwa siku kadhaa ili watafiti wajue anatembea, anakimbia, anakaa na kulala kwa kiasi gani. Vingi kati ya vile vya kitafiti havina kioo cha kutazama, havinasi sauti wala picha, na havijui mtoto yuko wapi. Vinachorekodi ni mtikisiko wa mwili, mara kadhaa kwa kila sekunde, mchana na usiku. Katika Afrika Mashariki vifaa hivi vimetumika Kenya na kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Makala hii inaeleza namna vinavyofanya kazi na tafiti zilizovitumia, kisha inashuka hadi kata ya Njoro katika Manispaa ya Moshi, chini ya mteremko wa Kilimanjaro, kwa sababu ni katika siku ya kawaida ya mtoto wa mahali fulani ndipo uwezo wa kifaa na upungufu wake huonekana wazi.

Kabla ya vifaa

Kwa muda mrefu watafiti walitegemea dodoso. Mtoto wa miaka tisa anaulizwa: wiki iliyopita ulicheza kwa dakika ngapi kwa siku? Hana namna ya kujibu. Alicheza mpaka alipoitwa na mama yake, na mchezo wake haukuwa na saa. Hata hivyo dodoso ndizo zilizojenga picha kubwa tuliyonayo ya dunia. Ile takwimu inayotajwa mara kwa mara, kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango cha kutosha cha kuushughulisha mwili mwaka 2016, ilitokana na majibu ya wanafunzi wenyewe. Tanzania nayo ilishiriki katika uchunguzi wa aina hiyo wa afya ya wanafunzi mwaka 2006, na tena mwaka 2014.

Chombo cha kwanza kuenea kilikuwa pedomita, yaani kihesabu hatua. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani iliuza kimoja kwa jina la manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Zile hatua 10,000 ambazo watu wa leo huzifukuzia kwenye simu zao zilianzia hapo, katika jina la bidhaa, na si katika agizo la daktari. Kwa watoto, pedomita ina dosari kubwa: haitofautishi hatua ya kwenda dukani na hatua ya kukimbizwa katika mchezo wa kombolela.

Ndani ya kifaa

Kilichochukua nafasi yake ni aksileromita, au kipimamchapuko kama kinavyoweza kuitwa kwa kufuata istilahi ya fizikia. Ndani yake kuna kipande cha silikoni chembamba mno kilichoning'inizwa kama pembea. Mwili unaposukumwa, kipande hicho husogea kidogo, umeme unaopita hapo hubadilika, na badiliko hilo huandikwa kama namba. Vya kisasa hupima pande tatu kwa pamoja: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kimoja kilichotumika sana kwa watoto, ActiGraph GT3X+, kina uzito wa gramu 19 na hukaa kwenye mkanda wa mpira juu ya nyonga ya kulia.

Namba hizo mbichi hazina maana kwa mzazi wala kwa mwalimu. Hukusanywa katika vipande vya muda, kwa mfano sekunde 15, kisha hupimwa dhidi ya mipaka iliyopatikana maabara. Kwa mipaka inayojulikana kwa jina la Evenson, iliyochapishwa mwaka 2008, kipande cha sekunde 15 chenye mitikisiko 574 au zaidi huhesabiwa kuwa mwendo wa wastani au wa nguvu, na chenye 25 au chini yake huhesabiwa kuwa utulivu. Urefu wa kipande si jambo dogo. Watoto hawafanyi mazoezi kama watu wazima wanaokimbia nusu saa mfululizo. Wao hufyatuka, wakasimama, wakafyatuka tena. Kipande kikiwa cha dakika nzima, mbio za sekunde kumi huyeyuka ndani ya sekunde hamsini za kusimama, na mtoto aliyelowa jasho huandikwa kuwa alifanya shughuli nyepesi tu.

Kigezo cha kulinganishia hutoka Shirika la Afya Duniani. Kwa umri wa miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka angalau dakika 60 za mwendo wa wastani hadi wa nguvu kila siku. Ule wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku ukihesabiwa kwa wiki nzima. Kwa wenye miaka 3 na 4, mwongozo wa 2019 unataka dakika 180 za kujongea kwa namna yoyote, 60 kati yake ziwe za wastani au za nguvu, pamoja na usingizi wa saa 10 hadi 13.

Nairobi, Eldoret na Eyasi

Utafiti mmoja mkubwa wa aina hii uliogusa eneo letu ni ISCOLE, uliofanyika kati ya mwaka 2011 na 2013 katika nchi 12, kuanzia Finland na Brazil hadi India na Afrika Kusini. Uliratibiwa na kituo cha utafiti cha Pennington huko Louisiana, Marekani, na kugharimiwa na kampuni ya Coca-Cola, jambo ambalo msomaji wa utafiti wa uzito wa watoto anapaswa kuliweka mezani anaposoma matokeo yake. Watoto zaidi ya 7,000 wenye miaka 9 hadi 11 walishiriki. Kwa Kenya kazi ilifanyika Nairobi chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ikiongozwa na Profesa Vincent Onywera. Watoto walivaa kifaa kiunoni saa 24 kwa siku saba, na ili taarifa za mtoto zikubalike zilihitajika siku nne au zaidi zenye angalau saa kumi za kuvaa, moja kati yake ikiwa ya mwisho wa wiki.

Makala ya Nairobi ilichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto 563, asilimia 14.4 walikuwa na uzito uliozidi na asilimia 6.4 walikuwa na kiribatumbo. Waliofikia kiwango cha mwendo walikuwa asilimia 12.6 tu. Mwaka uliofuata, makala ya nchi zote 12 kwa pamoja ilitoa asilimia 44.1 ya watoto waliofikia kiwango hichohicho cha dakika 60. Asizilinganishe mtu namba hizo mbili kabla hajauliza kila moja ilikatwa kwa mpaka upi. Mpaka ukisogezwa, mtoto yuleyule, kwa wiki ileile na kiuno kilekile, hutoka kundi la wavivu akaingia kundi la wachangamfu. Hili ndilo jambo ambalo magazeti huliacha mara nyingi, na ndilo linaloumiza zaidi, maana wazazi huambiwa watoto wao wamelegea kwa mujibu wa mstari uliochorwa kwa watoto wa Marekani.

Matokeo ya Nairobi yalionesha pia kitu kilicho kinyume na nchi tajiri. Huko, unene na kukaa sana huandama zaidi nyumba maskini. Nairobi, walioelemewa na uzito walikuwa zaidi wa nyumba zenye uwezo, zile ambazo mtoto hupelekwa shule kwa gari.

Eldoret ilishatoa ushahidi wa upande mwingine. Robert Ojiambo na wenzake waliwapima vijana 200 wa mjini na vijijini na kuchapisha matokeo mwaka 2012: wa vijijini walijongea zaidi kwa nguvu na kukaa muda mfupi zaidi kuliko wenzao wa mjini. Mwaka uliofuata ikachapishwa kazi ndogo zaidi juu ya vijana 30 wa Kinandi, wavulana 15 na wasichana 15, iliyounganisha vipimo vya pumzi, mwendo na matumizi ya nishati, katika jamii ambayo kwenda shule kwa mguu ni jambo la kila siku.

Kwa upande wa Tanzania, wanaojulikana zaidi kwa vifaa hivi ni Wahadzabe wa Eyasi, ingawa waliopimwa zaidi ni watu wazima. Utafiti wa mwaka 2017 uliotumia mikanda ya kupima mapigo ya moyo uliwakuta na zaidi ya saa mbili za mwendo wa wastani hadi wa nguvu kwa siku. Mwaka 2020 ukaja mwingine, wa vifaa vya kufungwa pajani, ulioonesha kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika: wao huchuchumaa, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi. Kifaa cha kiunoni kingeandika kuchuchumaa na kulala kwenye sofa kwa namba ileile.

Na mbali na hapa, huko Amazonia ya Ekwado, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kwamba watoto wa jamii ya Shuar, wanaojongea zaidi kuliko watoto wa Marekani, walitumia jumla ya nishati isiyotofautiana na ya Wamarekani hao. Mwili hugawa nishati kati ya kukua, kupambana na maradhi na kujongea. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa na kifaa zisigeuzwe moja kwa moja kuwa kalori, hasa kwa mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa na malaria au minyoo.

Siku moja Njoro

Tuchukue sasa siku ya shule Njoro, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, tuone kifaa kingeandika nini.

Alfajiri mtoto anaamka, anafagia uwanja kwa fagio la chelewa, anachota maji. Fagio linamwinamisha na mkono unakwenda haraka, lakini nyonga haitikisiki sana: cha kiunoni kinaandika shughuli nyepesi, cha mkononi kinaandika kazi kubwa. Ndoo ya lita kumi kichwani ni mtihani mgumu zaidi. Mwenye mzigo kichwani hutembea taratibu na kwa utulivu ili maji yasimwagike, na kadiri anavyokuwa hodari ndivyo anavyotikisika kidogo. Moyo wake unafanya kazi, shingo na mgongo vinafanya kazi, na kifaa kinamwona kama mtu anayetembea polepole mikono mitupu.

Shuleni kuna mchakamchaka. Hapo kifaa hakikosei: mistari ya watoto, wimbo, hatua za pamoja, na kwenye grafu inatokea ngome ya namba kubwa ya dakika kumi au kumi na tano ambayo mtafiti anaweza kuitambua bila kuambiwa. Shule zilizoacha mchakamchaka zinaacha pengo linaloonekana mahali hapohapo. Mimi naona hiki ni kipimo cha bei nafuu zaidi cha sera ya shule kuliko ripoti nyingi.

Mapumziko ni rede. Wawili wanasimama ncha mbili wakirushiana mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akiinama kujaza mchanga kwenye chupa. Angalia sekunde kumi za binti aliye katikati: anachota kiganja cha mchanga, anaruka kando, anarudi, anajipinda, mpira unapita kwapani, anachota tena. Kifaa cha pande tatu chenye vipande vifupi kinaukamata mchezo huu vizuri. Pembeni, wenzake wanacheza mdako wameketi chini. Vidole na macho vina kasi ya ajabu, nyonga imetulia tuli. Cha kiunoni kitasema wamekaa, na kitakuwa kimesema kweli. Cha mkononi kitasema wanafanya mazoezi, na kitakuwa kimedanganya.

Jioni ni mpira wa chandimu kwa wavulana, na kwa wasichana wengi ni jiko na wadogo zao. ISCOLE ilikuta wavulana wakiwapita wasichana kwa dakika za mwendo wa nguvu. Kabla ya kuwaambia wasichana wachangamke, mtafiti anapaswa kuangalia saa za jioni kwenye grafu na kuuliza nani alikuwa na mtoto mgongoni.

Kisha kuna mlima wenyewe. Mtoto wa Njoro huishi chini, panapokaribia kuwa tambarare. Binamu yake wa Kibosho au Old Moshi hupanda na kushuka kila akitumwa dukani au akibeba majani ya ng'ombe. Aksileromita haijui mteremko. Kupanda kilima polepole kunachosha kuliko kutembea haraka bondeni, ila kwa kifaa kunaonekana kuwa kidogo zaidi. Anayetaka kulinganisha watoto wa mjini Moshi na wa migombani juu lazima aongeze kipimo cha mapigo ya moyo au cha mwinuko, vinginevyo atawanyima watoto wa mlimani sehemu ya jasho lao. Baiskeli nayo humkosesha mtoto dakika zake, kwa kuwa nyonga imekaa kwenye kiti.

Msimu pia huhesabika. Wiki ya masika, kati ya Machi na Mei, njia za udongo zikiteleza na mvua ikinyesha mchana, si wiki ya Januari. Wala likizo ya Juni si muhula. Utafiti uliopima siku saba umepima siku saba tu.

Saa mbili ni saa ngapi?

Pamoja na kifaa, mtoto au mzazi hupewa shajara ya kuandika alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, na lini alivua kifaa ili kuoga. Hapa panatokea kosa ambalo vitabu vya mbinu vilivyoandikwa ng'ambo havilitaji. Mama wa Njoro anaandika kwamba mwanawe alilala "saa 3" na kuamka "saa 11". Ndivyo ilivyo kwa Kiswahili: saa tatu usiku, saa kumi na moja alfajiri. Kompyuta inasoma 03:00 na 11:00. Karani asiye makini akiingiza hivyo, mtoto anaonekana alikesha mpaka usiku wa manane kisha akalala darasani, na kifaa kilichorekodi mchakamchaka kinashukiwa kuwa kibovu. Shajara nzuri ya Kiswahili huandika "usiku", "alfajiri", "asubuhi" kando ya kila kisanduku cha saa, na huchora jua na mwezi kwa wadogo.

Usingizi wenyewe hukisiwa kutokana na kutotikisika. Watoto wengi hulala wawili au watatu kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja, na mateke ya mdogo wa mtoto aliyevaa kifaa huingia kwenye kumbukumbu kama kuamka kwa mtoto huyo.

Chakula, moyo na dawa

Kifaa cha mwendo hakioni chakula. Maandazi, barafu na mihogo ya kukaanga getini pa shule havimo. Wapo waliojaribu kamera. Katika utafiti wa Kids'Cam wa New Zealand, wa mwaka 2014 na 2015, watoto 168 wenye miaka 11 hadi 13 walivaa kamera iliyopiga picha kila baada ya sekunde saba kwa siku nne, na ikaonekana kwamba walikutana na matangazo ya vyakula visivyofaa mara 27 kwa siku. Ni ushahidi mzito, na barabara za Moshi zenye maduka yaliyopakwa rangi za soda zingestahili kutazamwa hivyo. Lakini kamera inaingia pia chumbani, bafuni na kwa jirani ambaye hakuombwa ruhusa. Kwa maoni yangu, haifai kwa watoto katika nyumba za vyumba viwili.

Saa janja za dukani hupima mapigo ya moyo kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilionesha kwamba vipima-oksijeni vya kidoleni, vinavyotumia mwanga pia, vilikosea mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe nchini Marekani. Kwa tahadhari hiyo, inafaa kila chombo cha mwanga kijaribiwe kwanza kwa watoto wa hapa kabla ya kuaminiwa. Saa hizo pia huhitaji simu na bando, na kanuni zake za hesabu ni siri ya mtengenezaji.

Moshi ina uzoefu wake wa vifaa vinavyofuatilia tabia za afya. Watafiti wa taasisi ya KCRI, iliyo pamoja na hospitali ya KCMC, wamejaribu visanduku vya dawa vinavyotuma ishara kila vinapofunguliwa, kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kisanduku si cha kuvaliwa, ila swali lake ni lilelile: je, mtu anayefuatiliwa anajua nani anamwona, na chombo kikionekana na jirani kitasema nini juu yake?

Ridhaa

Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mzazi au mlezi ndiye anayetia saini. Utafiti wa afya huhitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na hauingii shuleni bila barua za mamlaka ya serikali za mitaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Hata hivyo saini ya baba haitoshi. Mtoto mwenyewe aulizwe, na akisema hataki, mkanda urudi kwenye boksi.

Uvumi wa mumiani, wanyonya damu, umeziandama tafiti za afya Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na taa ndogo inayowaka kiunoni mwa mtoto usiku inaweza kuuamsha. Dawa yake ni mkutano wa wazazi ambapo kifaa kinapitishwa mkono kwa mkono, kinafunguliwa, na mtafiti anakivaa yeye mwenyewe wiki nzima mbele yao. Wazazi wataelezwa pia kwamba hakijui mtoto yuko wapi, kama kweli hakijui.

Siku ya nane vifaa hukusanywa darasani. Kila kimoja huchomekwa kwenye kompyuta, grafu ya wiki hufunguka, na mtoto akiruhusiwa kuitazama huonesha kwa kidole mwenyewe: hapa mchakamchaka, hapa rede, hapa nilitumwa, hapa nilikuwa naumwa. Maelezo hayo huandikwa kando ya grafu. Mkanda hufuliwa na kuanikwa, kifaa huchajiwa, na Jumatatu hufungwa kiunoni mwa mwingine.